Bill Millin: Mpiga Zumari Aliyekwenda Vitani Bila Bunduki

Na Katibu wa Kwaya



Kamati ya jubilii iliponipa ukurasa wa historia, wengi walidhani nitaandika habari za kwaya yetu. Habari hizo zimo kwingine katika kijitabu hiki, na zimeandikwa na wanaozijua kuliko mimi. Mimi nimechagua kuandika juu ya mwanamuziki mmoja wa mbali, na ni vyema niseme sababu.

Katika kikao kimoja cha maandalizi, mzee wetu mmoja aliuliza bila ubaya wowote: "Akina mama wamejenga jiko. Vijana wamenunua viti. Je, kwaya, miaka hii yote, imeleta nini?" Tulicheka, lakini hakuna aliyejibu, hata mimi niliyekuwa na kalamu mkononi. Niliandika swali lile katika kumbukumbu za kikao na nikaenda nalo nyumbani. Mimi ni mwalimu, na mwalimu akikosa jibu hurudi kwenye vitabu. Huko ndiko nilikokutana tena na Bill Millin, Mskoti aliyepiga zumari tangu ujana wake hadi uzeeni, katika bendi za jeshi, vitani, mazishini na kwenye makumbusho ya wenzake. Yeye pia maisha yake yote aliulizwa swali kama la mzee wetu: muziki wako ulisaidia nini?

ALA YENYEWE

Wengi wetu tumewahi kuisikia bagipaipu, walau kwenye televisheni. Ni zumari lenye mfuko. Mpigaji hupuliza hewa kupitia bomba moja hadi mfuko ujae, kisha huubana mfuko kwa mkono dhidi ya ubavu wake. Hewa hiyo hutoka kupitia mabomba mengine manne. Moja lina matundu, na hapo ndipo vidole hucheza wimbo. Matatu yaliyobaki huegemea begani na kuvuma sauti moja isiyobadilika, mawili kwa sauti ya kati na moja kwa sauti nzito, kama besi wetu wanaposhikilia noti moja huku sauti nyingine zikipanda na kushuka.

Zumari hili la Kiskoti lina noti tisa tu. Tena haliwezi kupunguza sauti wala kuongeza. Mwalimu wetu wa kwaya hutusihi kila Jumamosi tuimbe taratibu kwenye ubeti wa tatu. Mpiga zumari hana nafasi hiyo. Hawezi hata kunyamaza kidogo katikati ya wimbo, kwa sababu maadamu mfuko una hewa, sauti inatoka. Ili kutenganisha noti mbili zinazofanana, huna budi kupachika kati yake noti fupi za mapambo, za haraka kama kupepesa jicho. Ufundi wote wa zumari umo katika vidole.

Ndiyo maana anayejifunza hapewi mfuko siku ya kwanza. Huanza na kijibomba kidogo cha mazoezi chenye sauti ya chini, na hukaa nacho miezi mingi, pengine mwaka mzima au zaidi, kabla ya kushika zumari kamili. Wale wanaojiunga na kwaya yetu na kutaka kusimama mbele Jumapili inayofuata wasome aya hii mara mbili.

WAPIGA ZUMARI KATIKA MAJESHI

Nyanda za juu za Uskoti ziliishi kwa koo, na kila mkuu wa ukoo mwenye heshima zake alikuwa na mpiga zumari wake. Waskoti walipoingia katika jeshi la Uingereza, waliingia na mazumari yao. Katikati ya karne ya 19 jeshi lenyewe liliwakubali rasmi wapigaji hao katika vikosi vya Kiskoti. Hapo ndipo ilipokua bendi kama tunavyoijua leo: wapiga zumari wakitanguliwa na kiongozi wao, nyuma yao ngoma ndogo za mdundo mkali, ngoma za kati, na ngoma kubwa inayoshika hatua za wote.

Kazi ya mpiga zumari haikuwa gwaride tu. Aliwaamsha askari asubuhi, aliwaita kula, aliwaongoza katika safari ndefu za miguu, na aliwazika. Vitani alitangulia. Tarehe 25 Septemba 1915, katika mapigano ya Loos huko Ufaransa, mpiga zumari Daniel Laidlaw aliona wenzake wamelegea kwa sababu ya gesi ya sumu. Akapanda juu ya ukingo wa handaki, akatembea akipiga huku risasi zikipita, nao wakainuka wakamfuata. Alijeruhiwa lakini akaendelea kupiga, na akatunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa.

Si wote waliorudi kama yeye. Mamia ya wapiga zumari walikufa katika vita ile. Mtu anayetembea wima mbele ya wenzake, mikono yote miwili ikiwa kwenye ala, ni shabaha rahisi. Kwa hiyo ilipokuja Vita vya Pili vya Dunia, amri ya makao makuu ya jeshi ilikuwa kwamba wapiga zumari wabaki nyuma, mbali na mstari wa mbele.

KIJANA WA SHETTLESTON

Bill Millin alizaliwa tarehe 14 Julai 1922 huko Regina, Kanada, ambako wazazi wake walikuwa wamehamia. Alipokuwa na miaka mitatu familia ilirudi Glasgow, na baba yake akawa askari polisi. Bill alikulia na kusomea mtaa wa Shettleston. Baadaye familia ilihamia Fort William, na huko kijana akajiunga na jeshi la akiba. Alipiga zumari katika bendi ya kikosi cha Highland Light Infantry, kisha katika ile ya Queen's Own Cameron Highlanders. Huo ndio ulikuwa msingi wake. Miaka ya bendi, ya kuvaa sare iliyonyooshwa, ya kurudia wimbo uleule hadi vidole vijiendee vyenyewe.

Vita vilipopamba moto alijitolea kuwa komando. Alipelekwa kwenye mafunzo makali ya Achnacarry, katika milima ya Uskoti, pamoja na vijana wa Ufaransa, Uholanzi, Ubelgiji, Norwei na Polandi. Huko alikutana na Lord Lovat, mkuu wa ukoo wa Fraser na kamanda wa brigedi ya makomando. Lovat alitaka awe na mpiga zumari wake, kama mababu zake walivyokuwa nao. Millin alimkumbusha kwamba jeshi limekataza jambo hilo. Lovat akamjibu kwamba amri hiyo ni ya Waingereza, na wao wawili ni Waskoti, kwa hiyo haiwahusu.

TAREHE 6 JUNI 1944

Siku hiyo zaidi ya askari 150,000 wa Mataifa ya Muungano walishuka Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, kuanza kuikomboa Ulaya ya magharibi kutoka kwa jeshi la Hitler. Fukwe zilikuwa tano. Brigedi ya Lovat ilishukia ule ulioitwa Sword.

Millin alikuwa na miaka 21. Kati ya watu wote walioshuka pale ni yeye peke yake aliyevaa kilti, ile sketi ya Kiskoti yenye mirabaraba, na kilti yenyewe ilikuwa ya baba yake, aliyoivaa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Hakuwa na bunduki. Alikuwa na zumari lake, na kisu kidogo kilichochomekwa kwenye soksi kama ilivyo desturi ya vazi hilo.

Boti zilipofika, Lovat aliruka majini, na Millin akamfuata. Maji yalikuwa baridi na yalimfika kiunoni, kilti ikaelea. Mtu aliyekuwa karibu naye alipigwa risasi akazama. Hapo hapo majini Millin akaujaza mfuko na kuanza kupiga "Hielan' Laddie". Walipofika nchi kavu Lovat akamwomba "The Road to the Isles". Millin akauliza kama apige huku akitembea. Akaambiwa ndiyo, atembee. Basi akaenda na kurudi kando ya maji, hatua za gwaride, wakati makombora yakianguka na maiti zikisukumwa na mawimbi.

Wajerumani hawakumpiga. Millin mwenyewe alisimulia baadaye kwamba walipotekwa baadhi yao, walieleza kuwa walimwona, lakini walidhani amerukwa na akili, wakamwonea huruma. Hata askari mmoja wa upande wake alimkemea kwa maneno makali kwamba ni mwendawazimu, anawavutia maadui.

Kutoka ufukweni brigedi ilielekea ndani, kwenye daraja la mfereji huko Bénouville ambalo leo linaitwa Daraja la Pegasus. Askari wa Meja John Howard, walioshushwa usiku kwa ndege zisizo na injini, walikuwa wameliteka tangu saa za kwanza za siku hiyo na walikuwa wakilishikilia huku wakingoja msaada. Baada ya saa sita mchana walisikia sauti ya zumari ikija kwa mbali. Walijua kwa sauti hiyo, kabla ya kumwona mtu yeyote, kwamba hawako peke yao tena.

WALIOLALA MCHANGANI

Habari za kijana wa kilti zimesimuliwa mara nyingi, na mwaka 1962 ziliingia katika filamu ya "The Longest Day". Lakini kuna sehemu moja ambayo filamu haikai nayo, na ndiyo iliyonifanya nichague makala hii.

Alipokuwa akitembea ufukweni, Millin aliwapita majeruhi. Amri siku ile ilikuwa wazi: anayesonga mbele asisimame kumsaidia aliyeanguka, kwa sababu wote watakwama na kuuawa. Miaka mingi baadaye alieleza jinsi majeruhi wale walivyoinua vichwa na kushtuka. Walikuwa wakimtazamia daktari, au mtu yeyote mwenye bandeji. Badala yake wakamwona yeye na zumari. Alisema alijiona mnyonge kabisa, hana la kuwafanyia.

Hebu tukae na picha hiyo kidogo. Mtu amelala anavuja damu, na wewe unayempita umeshika wimbo mkononi. Mtu akikuuliza wakati huo muziki unasaidia nini, utamjibu nini? Sisi wanakwaya tumewahi kusimama hapo. Tumeimba hospitalini kando ya kitanda, na tumeimba nyumbani kwa mjane aliyehitaji karo ya watoto, si wimbo. Tukamaliza, tukakunja madaftari yetu, tukaondoka tukiwa na aibu kidogo.

Jibu la Millin halikutoka kinywani mwake. Lilitoka kwa wale waliosikia. Wazee wengi waliopigana Sword walisema baadaye kwamba sauti ile iliwapa moyo wakati miguu ilikuwa imekataa. Na wale wa darajani waliisikia kama habari njema. Wimbo haukufunga jeraha hata moja, lakini wenye majeraha na wasio nayo waliukumbuka kwa miaka 50 na 60.

MAISHA BAADA YA VITA

Zumari la Normandy halikudumu. Siku chache baada ya kushuka lilipigwa na kipande cha kombora. Millin aliendelea na kikosi hadi Uholanzi na Ujerumani, na mwaka 1946 akatoka jeshini. Kwanza alifanya kazi katika mashamba ya Lord Lovat. Kisha katika miaka ya 1950 akasomea kazi nyingine huko Glasgow. Akawa muuguzi wa wagonjwa wa akili.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwa muda. Kijana aliyeamriwa asisimame kwa ajili ya mgonjwa sasa aliajiriwa kusimama. Yule aliyedhaniwa mwendawazimu sasa aliwatunza walioelemewa akilini. Aliifanya kazi hiyo Glasgow, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akahamia hospitali moja katika jimbo la Devon, kusini mwa Uingereza, hadi alipostaafu mwaka 1988 katika mji wa Dawlish.

Zumari hakuliacha. Alirudi Normandy mara kwa mara kwenye ibada na sherehe za kumbukumbu, akapiga palepale alipopiga akiwa kijana. Mwaka 1995 Lord Lovat alifariki, na Millin, mwenye miaka 72, alipiga zumari kwenye mazishi yake. Tangu siku ya majini ilikuwa imepita zaidi ya miaka 50, na bado mpigaji alikuwa wa kamanda wake.

Waskoti wana wimbo wa maombolezo uitwao "Flowers of the Forest". Wapigaji wengi hawakubali kuupiga hadharani isipokuwa mazishini na kwenye kumbukumbu za waliokufa. Wakitaka kuufanyia mazoezi, huufanyia faraghani. Wanauheshimu hivyo. Na wimbo ambao sisi sote tunaufahamu, "Amazing Grace", ulirekodiwa kwa mazumari na kikosi cha Royal Scots Dragoon Guards, na mwaka 1972 ukaongoza orodha ya nyimbo zilizouzwa zaidi Uingereza. Tangu hapo ni mazishi machache yenye zumari yanayopita bila wimbo huo.

Mwaka 2003 Millin alipatwa na kiharusi. Mwezi Juni 2009 Ufaransa ilimtunuku nishani. Alifariki tarehe 17 Agosti 2010, akiwa na miaka 88. Tarehe 8 Juni 2013 sanamu yake ya shaba, ya kimo cha mtu, ilizinduliwa Colleville-Montgomery, karibu na ufukwe wa Sword. Mwanawe alikuwa miongoni mwa waliopiga zumari siku hiyo. Sanamu inamwonyesha akitembea, kilti mwilini, zumari begani. Hana bunduki, kwa sababu hakuwa nayo.

MWANGWI WAKE KWETU

Msomaji atauliza, Waskoti hawa wanatuhusu nini? Wanatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Mwaka uleule wa 1944 babu zetu wa King's African Rifles walikuwa Burma, wakipigana katika mvua na matope ya bonde la Kabaw. Wao hawakuwa na zumari, lakini walikuwa na "Funga Safari", wimbo wa Kiswahili uliobeba miguu yao maili nyingi. Walioimba hawakuhitaji kufundishwa kwamba mtu hutembea mbali zaidi akiwa na wimbo.

Tena, ukiwaona vijana wa Boys' Brigade wakiandamana Jumapili na ngoma zao, huku watoto wakiwakimbilia kando ya barabara, jua kwamba chama hicho kilianzishwa Glasgow mwaka 1883 na William Alexander Smith, mwalimu wa shule ya Jumapili aliyekuwa pia afisa wa jeshi la kujitolea. Aliona vijana wake hawatulii darasani, akawapa gwaride, sare na nidhamu ya bendi. Ni Glasgow ileile aliyokulia Millin. Na ni kutoka Uskoti walikotoka wamisionari waliofika Kikuyu mwishoni mwa karne ya 19, wakaja na vitabu vyao vya nyimbo.

JIBU LANGU KWA MZEE

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako bado liko katika kumbukumbu za kikao, nami sasa naomba kulijibu kwa heshima.

Kwaya haikujenga jiko. Viti tunavyokalia vimenunuliwa na vijana, na tunawashukuru. Lakini tazama miaka hii. Ni nani aliyetangulia jeneza kila mara mmoja wetu alipozikwa, jua likiwaka au mvua ikinyesha? Ni nani aliyekuja Jumamosi jioni, baada ya shamba na soko, kurudia ubeti mmoja mara kumi ili Jumapili usikie mara moja tu? Wako waliofanya hivyo bila kukosa tangu siku ya kwanza. Nywele zao zimekuwa mvi wakiwa katika mstari uleule wa alto na tena.

Bill Millin alijulikana ulimwenguni kwa sababu ya siku moja. Lakini siku ile isingewezekana bila miaka ya bendi iliyotangulia, na isingekuwa na maana kubwa bila miaka iliyofuata ya kurudi na kuwapigia waliolala. Haba na haba hujaza kibaba. Ujasiri wa majini ulijazwa kidogo kidogo katika mazoezi ambayo hakuna aliyeyatazama.

Kwa wanakwaya wenzangu nasema hivi: siku moja mtu ambaye hamumjui atasikia sauti zenu kwa mbali, kama wale wa darajani, na atajua kwamba hayuko peke yake. Hatutaambiwa ni siku gani. Kwa hiyo mazoezi ni Jumamosi saa kumi, kama kawaida. Tafadhali tusichelewe.